Noti ya yuan 20 na tembo wa elfu kumi

Miaka tisa nipo Guangzhou, na mpaka mwaka juzi China niliyoijua mimi ilikuwa ya maboksi. Sanyuanli kwa mikoba, Foshan kwa vigae na makochi, Yiwu mara mbili kwa mwaka kwa vitu vidogovidogo, kisha ghalani kupima CBM, yaani ujazo wa mizigo, za wateja wa Kariakoo. Ungeniuliza China ikoje, ningekujibu kwa bei. Sisi wa mizigo hatukuja huku kutembea, na mwenzetu akisema anakwenda kuangalia milima tunamwona hana kazi.

Kilichonitoa ni Oktoba. Tarehe 1 ni sikukuu ya taifa lao, na kuanzia hapo viwanda vinafunga karibu wiki nzima. Wenyewe wanaiita wiki ya dhahabu. Kwangu ni wiki ya hasara: mzigo umekwama, mwenye ghala kazima simu, mteja anapiga kutoka Dar saa nane za usiku na mimi sina jibu. Binti mmoja wa kwetu anayesomea udaktari hapa akaniambia, "Anti, twende Yangshuo basi. Utakaa humu ndani unahesabu boriti mpaka lini?" Nikaenda huko kwenye vilima kwa kukosa la kufanya.

Stesheni ya Guangzhou Kusini siku ile! Wachina wana msemo wao, watu mlima, watu bahari. Mimi nimepigania siti Ubungo mkesha wa Krismasi, msongamano naujua, lakini pale nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili. Na bado si wingi ulionishangaza, ni nani waliokuwamo. Mabibi wa miaka sabini kwa makundi, wote kofia nyekundu, kila mmoja na themosi yake ya chai, wanamfuata kijana mwenye kibendera. Wanaume ambao ukiitazama mikono yao unajua ni watu wa saruji, wamebeba watoto mabegani. Wazungu sikuwaona hata watano. Kwetu ukisema mtalii mtoto anajua unamaanisha mzungu mwenye kamera na kaptula. Hapa mtalii ni bibi wa kijijini.

Kwenye treni tulikaa karibu na mzee mmoja. Akauliza tunatoka wapi, binti akamjibu "Tansangniya." Uso ukamfunguka. "Tan-Zan tielu!" Reli ya TAZARA, hiyo. Akamtaja na Nyerere, kwa matamshi yao, ikabidi arudie ndipo nikamwelewa. Akasema ujanani mwao habari za reli ile zilikuwa kila mahali. Halafu akauliza swali la kawaida kabisa: inapendeza kuipanda? Nikamwambia sijawahi. Akatikisa kichwa kwa adabu, akarudi kwenye karanga zake.

Ya njiani nitayapita haraka. Nyumba ya wageni ya kwanza ilitukataa; dada wa mapokezi alituonyesha simu iliyomtafsiria kwamba paspoti za nje hawapokei. Mgeni lazima aandikishwe polisi, na wenye vinyumba vidogo wengi wanaona heri wakukose kuliko kuhangaika na mfumo. Tulizunguka na mabegi hadi saa tatu usiku. Kula kulikuwa rahisi, maana popote China kuna mkahawa wa tambi za Lanzhou wa Waislamu, unaingia bila wasiwasi. Kupigwa picha bila kuombwa nimeshazoea. Kuvutwa rasta na mama wa watu ili ahakikishe kama ni nywele zangu, hilo sijalizoea mpaka leo.

Sasa Xingping, mji mdogo wa huko huko Yangshuo. Chukua noti ya yuan 20, igeuze nyuma: kuna mto na vilima vilivyochongoka kama meno. Ni mto Li, pale pale Xingping. Kila anayefika anasimama ukingoni, anainua noti usawa wa macho, anailinganisha na vilima vyenyewe, picha. Vyelezo vya mianzi vinavyosifiwa siku hizi ni mabomba ya plastiki yenye mashine nyuma, kelele tupu. Mvuvi mwenye ndevu nyeupe na minandi wake wawili begani, wale ndege wa kuvulia samaki, havui chochote. Anavua watalii, na karatasi ya kuskani malipo imening'inia kwenye mti wake. Yote hayo niliyaona na bado nilikaa kimya kidogo, kwa sababu vile vilima ni vizuri kweli.

Shida ikawa noti. Wachina wa leo hawatembei na pesa mkononi, hata muuza mahindi ya kuchemsha analipwa kwa simu. Mamia ya watu wapo ukingoni na noti hawana. Mimi mtu wa mizigo, taslimu haikosi kwenye mkoba. Nilipoitoa ya kwangu, wakanizunguka. Akaomba bwana harusi na mkewe, ikaenda kwa baba mwenye mapacha, ikaenda kwa mabibi wa kofia nyekundu, kila mmoja anapiga picha tatu nne na kuipitisha. Binti akanong'ona, "Anti, hiyo hairudi." Ilirudi, imelowa jasho la mikono ya watu, pamoja na chungwa moja la shukrani.

Bibi mmoja akataka kuona pesa ya kwetu. Nikatoa elfu kumi niliyoiweka kwa ajili ya teksi ya siku nitakayotua Dar. Akamwona tembo. Akaiinua juu kuelekea vilima, akajifanya anamtafuta tembo mtoni, wenzake wakacheka mpaka wakashikana. Kisha akauliza: huyu ulimwona wapi? Ulipiga naye picha?

Nilitamani binti akosee kutafsiri. Tembo nimewaona mara moja, kupitia dirisha la basi Mikumi, tukienda Mbeya kwenye msiba wa shemeji. Barabara inakata hifadhi, basi zima linainuka upande mmoja, mmoja anaapa ni tembo, mwingine anasema ni jiwe, dereva hapunguzi. Wale walikuwa watatu. Twiga nikaambiwa wapo upande wa pili, nilipogeuka tumeshapita. Simba namjua wa elfu mbili, faru wa elfu tano. Utalii wangu wote wa nyumbani uko kwenye pochi. Basi, na Mapango ya Amboni, darasa la tano, kwa sababu mimi ni wa Tanga na mwalimu alitupeleka kwa miguu.

Wenzangu wa huku nikiwasimulia husema Wachina wanatembea kwa sababu wana pesa. Sikubaliani. Yule wa saruji hana pesa kunishinda. Wengine husema kwetu viingilio ni ghali. Hapana, Mtanzania analipa kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na dola za mgeni. Getini hatuonewi. Tunaonewa baada ya geti, kwa sababu kuanzia hapo kila kitu kimepangwa kwa mtu mwenye gari. Ukishuka kwenye basi na mke, watoto wanne na hotpoti ya pilau, utaingiaje? Kwa Land Cruiser ya kukodi, ambayo bei yake ilizoeleka kutajwa kwa dola. Mwaka uliofuata nilikwenda Zhangjiajie, hifadhi ya majabali, na tiketi ya kuingia ile ile ndiyo nauli ya mabasi ya humo ndani: unapanda, unashuka, unapanda jingine, siku nzima. Jumba la wafalme Beijing ni yuan 60 msimu wa watu wengi, uwe mkulima wa kijijini Henan au mimi. Hicho ndicho ningependa tuige, basi la watu wote linalopita ndani ya hifadhi kwa saa zinazojulikana.

Si kila kitu. Zhangjiajie hiyo hiyo wamebandika lifti ya mita 326 kwenye jabali, ngazi za saruji kila kona, na vipaza sauti vinavyokukumbusha usiteleze. Miji yao ya kale inauza sega na pilipili zile zile kutoka mji mmoja hadi mwingine, na mimi najua zinatoka Yiwu maana nimezinunua kwa jumla. Mwaka 2019 yalipozuka mazungumzo ya kuweka magari ya kebo Mlima Kilimanjaro, waongozaji na wapagazi waliyapinga, na mimi niko upande wao. Ukimya kama wa kwetu, Wachina wameshaupoteza.

Habari iliyonifurahisha ni ya treni. Tangu ya umeme ianze kufika Morogoro 2024, nasikia watu wa Dar wanaondoka asubuhi, wanakwenda Mikumi, wanalala kwao. Kama ni hivyo, bado basi la getini tu.

Desemba narudi kwa wiki tatu. Juzi usiku niliandika kwenye grupu la familia, kwa VPN, ile programu ya kupenya vizuizi vya mtandao vya huku, inayokatika kila dakika mbili, kwamba safari hii nakodi Coaster, tunakwenda wote Saadani, kwa njia ya Pangani, tukaone tembo na bahari siku moja, gharama juu yangu. Alama za kusomwa zikatokea moja baada ya nyingine, kimya. Baada ya robo saa kaka yangu mkubwa ndiye aliyejibu:

"Innalillahi. Nani kafariki huko?"