Pijo ya mzee: Sh200,000 au Sh1.2 milioni?

Mzee mmoja mtaani kwetu, Mombasa, anauza gari lake, Pijo (Peugeot) 504 ya mwaka 1979, aina ya saluni, yaani yenye buti nyuma. Anataka Sh1.2 milioni. Dalali wa kwanza aliizunguka mara moja, akataja Sh200,000, tena akaongeza: "Na hiyo ni kwa sababu inawaka." Tangu siku hiyo barazani hatuna habari nyingine.

Wengi wetu tulimcheka dalali, ila hoja anayo. Kwake yeye gari ni la kukupeleka kazini na kukurudisha. Kwa pesa anazotaka mzee, mtu anapata gari la Kijapani lenye kiyoyozi na usukani laini, na spea zake zimejaa kila duka. 504 inataka fundi anayeijua kabureta, na mafundi hao wanazeeka pamoja nayo. Isitoshe, mnunuzi wake si wa kila siku. Anaweza kutokea Ijumaa hii au mwakani, na muda wote huo pesa ya dalali imelala. Anapokata bei, sehemu kubwa anayokata ni malipo ya kungoja.

Anapokosea ni pale anapoipima kama gari linaloendelea kushuka thamani. Hii ilishamaliza kushuka zamani. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, kwa hiyo huwezi tu kuagiza 504 nyingine kama unavyoagiza Toyota Vitz. Zilizobaki ndizo hizo. Zile za station wagon, zenye safu tatu za viti, zilifia kwenye barabara za masafa marefu zikibeba abiria. Saluni ambayo haikuwahi kufanya kazi ya teksi, yenye namba ya chesisi inayolingana na logibuku (hati ya umiliki), na logibuku yenyewe iko kwa jina la anayeuza, haipatikani kirahisi.

Mzee naye ana jalada la risiti nene kama Biblia, na bei yake ameipata kwa kuzijumlisha zote. Humo mna risiti za tairi zilizokwisha kabla mwanawe wa mwisho hajaanza shule. Risiti ni shahidi mzuri kwamba gari lilitunzwa, lakini huwezi kumdai mtu pesa ya petroli uliyokwisha kuichoma. Halafu kuna sifa za Safari Rally, yale mashindano ya magari. Ni kweli 504 ilishinda mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, na tena 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas. Lakini ya 1978 ilikuwa coupé, gari la milango miwili, yenye injini ya V6. Hii ya mzee ni ya kwendea sokoni. Imekopa jina tu.

Mimi ningepima hivi: ingemgharimu mnunuzi kiasi gani kuchukua 504 iliyochoka na kuifikisha hapa? Tuseme gari lenyewe Sh150,000, bodi na rangi Sh300,000, injini Sh150,000, viti na mipira ya milango Sh100,000. Jumla ni Sh700,000. Juu ya hapo unalipia kuepushwa na mwaka mzima wa "njoo kesho" za gereji, jambo ambalo aliyewahi kuachia fundi gari atakwambia si dogo. Lakini haliwezi kufika nusu milioni.

Lililotugawa zaidi ni rangi. Paa limefifia, na kwenye picha za simu linaonekana baya, hivyo vijana wanashauri lipigwe rangi mpya kwanza. Nilikuwa upande wao mpaka Jumamosi alipofika mnunuzi mwenye sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Hakuuliza bei. Alipiga goti akaipitisha chini ya milango, polepole, maana hewa ya chumvi ya pwani huanzia huko kula bati. Ilinata kote, ishara kwamba chini ya rangi bado ni bati, si kiraka. Alipokaribia gurudumu la nyuma kushoto, mzee akamwahi: "Hapo niligongwa na mkokoteni, pamezibwa." Sumaku ikateleza upana wa kiganja, kisha ikanata tena. Jamaa akainuka, akajipangusa vumbi, ndipo akaomba kuona risiti.

Rangi mpya ingempa mtu huyo sababu ya kujiuliza inaficha nini. Kwa mnunuzi wa picha za simu ingesaidia, lakini huyo ndiye yule anayelinganisha na Vitz. Hata ukiipaka dhahabu hatafika unapotaka.

Mwenye sumaku ametaja Sh750,000. Mzee ameomba wiki moja ya kufikiri. Leo asubuhi nimempita akiiosha, taratibu, na lile jalada liko juu ya kiti cha mbele.