Hofu Ianze na Herufi ya Kwanza?

Filamu ya kutisha ya Alien ya mwaka 1979 inaanza na vijiti vyeupe vinavyochomoza kimoja kimoja juu ya anga jeusi. Hujui kama ni herufi au mikwaruzo mpaka jina likamilike. Kisha maandishi machache: chombo kiitwacho Nostromo, wafanyakazi saba, shehena ya tani milioni 20 za madini, safari ya kurudi duniani. Shughuli ya kawaida kabisa, kama lori la shaba linaloteremka kutoka Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam. Kamera inatambaa kwenye korido tupu. Karatasi zinapepea. Kompyuta inawaka yenyewe, na mwanga wake unachezacheza kwenye kioo cha helmeti isiyo na mtu ndani.

Ajabu ni kwamba mtunzi wa muziki, Jerry Goldsmith, hakutaka tuogope mapema hivyo. Muziki wake wa kwanza wa ufunguzi ulikuwa mtamu, wa kuifanya anga itamanike. Hofu ingekuja baadaye, hadithi ikishakolea. Mwongozaji, Ridley Scott, hakuupenda. Goldsmith akatunga mwingine, wa baridi na usioeleweka, nao ndio tunaousikia.

Hoja ya Goldsmith ina uzito. Ukimwambia mtu aogope kabla hajaona kitu, umempa nafasi ya kujikinga. Tazama The Thing ya John Carpenter (1982). Tukiacha chombo kinachoonekana kwa muda mfupi kikiijia dunia, tunaanzia kwenye theluji nyeupe ya Antaktika: helikopta inamfukuza mbwa, mtu anamfyatulia risasi. Nani asiyemhurumia mbwa? Mnorwe mwenye bunduki anapiga kelele kwamba yule si mbwa, ila kwa lugha yake, kwa hiyo siri inatajwa waziwazi na wengi wetu inatupita.

Hata hivyo, kwa Alien namuunga mkono Scott. Mtazamaji ameshaliona bango mlangoni. Muziki mtamu ungemdanganya nani? Pia nimejaribu kuzima sauti. Ile helmeti bado inasumbua, kwa sababu kuna kitu kimeamka na binadamu wote wamelala. Muziki haukuizua hofu hiyo, uliikubali tu.

Tatizo la njia ya Scott ni kwamba inadai giza, utulivu na subira. Kwenye simu, ndani ya daladala, dakika hizo zisizo na neno hata moja zinarukwa kwa kidole. Na katika kibanda umiza, ambako msimuliaji hutafsiri filamu kwa Kiswahili huku akitia utani wake, ukimya ni pengo la kujazwa. Angezisimulia hata zile korido, na hapo chombo kisingekuwa kitupu tena: kungekuwa na mtu ndani, anatuchekesha.