Nani Aliwaambia Tunataka Kidevu cha Mtoto?

Siku tatu kabla ya kinyozi kumnyoa mbele ya watu kama ilivyo desturi yetu, bwana harusi wetu, mpwa wangu, alijinyoa mwenyewe. Sasa naandika kwa utulivu, lakini siku yenyewe nilitamani kumchapa. Kijana wa miaka ishirini na saba, akili zake timamu, aliingia bafuni na simu mkononi, akamsikiliza mtu wa video anayefundisha "mwanaume wa kisasa" kutunza ngozi, akatoka shingo inawaka kama iliyopakwa pilipili. Usiku wa kuamkia sherehe vipele vilikuwa vimejipanga kutoka sikio hadi sikio, vingine vimeshatunga usaha. "Mjomba, nifanyeje?" Nikufanyie nini, baba? Kanzu ishapigwa pasi, mbuzi washanunuliwa, na wewe shingo umeigeuza mkono wa pweza!

Nimeitazama hiyo video. Mara mbili, nisije nikamsingizia mtu. Jamaa anazungumza vizuri, bafu lake kubwa kuliko sebule ya mamangu, na maji moto yanatoka bombani bila mtu kuchochea jiko. Anasema lainisha ndevu, paka povu, vuta ngozi ibane, teremsha mashine ya nyembe tano, kisha ipandishe, kisha ipitishe ubavuni, mpaka ukijipapasa usihisi kitu. "Kama mtoto mchanga," anasema, huku anajipapasa kweli. Ndevu zake nyoofu kama mkia wa punda. Hazijawahi kumgeukia maishani mwake. Huyo ndiye mwalimu wetu.

Nitamtendea haki: maji moto ni kweli. Mafuta baada ya kunyoa ni kweli. Na hapo aliposema ujikinge na jua pia hakukosea, nitafika. Lakini hilo la kunyoa mpaka ngozini, na kwa kupandisha, kwa mtu mwenye nywele za kipilipili ni sawa na kumwambia mtu atembee pekupeku penye miba kisha umuulize mbona anachechemea.

Kwa sababu ndevu zetu zinapinda tangu mzizini. Ukizikata karibu sana, unachonga kila moja ncha kali ya mshazari, kama mtu anayechonga vigingi vya uzio. Sasa hiyo ncha inakua, na kwa kuwa asili yake ni kujikunja, siku ya pili au ya tatu inarudi kuchoma ngozi ileile iliyotokea. Hiyo ni njia ya kwanza. Ya pili ni mbaya zaidi, na ndiyo hasa kazi ya zile nyembe nyingi: wa kwanza unaukamata unywele na kuuvuta juu, wa nyuma yake unaukata ukiwa umevutwa, kisha kisiki kinarudi ndani chini ya ngozi. Laini ajabu! Unajipapasa, unatabasamu. Kumbe kisiki kimelala ndani kimepinda, na kikianza kukua hakitafuti tundu, kinatoboa ubavuni. Na ukiivuta ngozi ibane wakati wa kunyoa, kama jamaa anavyofundisha, unakizamisha zaidi. Mwili haujui kama ule ni unywele wako. Unauona mwiba, unaupigania kama mwiba: uvimbe, usaha, doa jeusi, na kwa wengine kovu linaloinuka na kuendelea kukua hata kidonda kikishapona.

Ajabu ni kwamba mashine zinaongezwa nyembe kila baada ya muda na sisi tunadhani ni maendeleo. Mbili zilianza kuuzwa mwaka 1971, tatu zikaja 1998, tano 2006. Kwa mwenye ndevu za mkia wa punda huenda ni maendeleo. Kwangu mimi kila wembe ulioongezwa ni kisiki kimezidi kuzama.

Mnaniuliza haya nimeyajulia wapi. Shingoni mwangu. Ujanani nilisimama mapokezi ya hoteli moja Malindi, na pale kulikuwa na msimamizi mwenye kadi yake ya benki. Kila asubuhi kabla ya wageni kushuka kula, anatupanga, anaipitisha kadi shavuni kwa kupandisha. Ikikwaruza, rudi nyumbani, na siku hiyo haina mshahara. Basi tulinyoa kila alfajiri, tunanyoa juu ya vipele, tunanyoa juu ya damu. Mwenzetu mmoja Mgiriama, shingo yake ilifika mahali hawezi kufunga kifungo cha juu cha shati, akaambiwa mchafu. Mchafu! Mtu anayejichubua kila siku ili aonekane safi. Mimi nilitoka pale na makovu mawili chini ya taya, la kulia ukubwa wa punje ya mahindi. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na la kwangu wakati wa kaskazi linawasha mpaka leo.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya Marekani ilishaamua kesi ya namna hiyo. Mpeleka pitsa alifukuzwa kwa kukataa kunyoa, ngozi yake ikiwa na ugonjwa huuhuu, na majaji wakaona kanuni ya kukataza ndevu kabisa inawaonea wanaume weusi, maana ndio wenye maradhi hayo kwa wingi. Jeshi lao pia, kwa miaka mingi kabla ya kubana masharti mwaka 2025, lilikuwa likitoa cheti cha daktari cha kumruhusu askari asinyoe hadi ngozini. Jeshi! Na sisi huku, nchi ya watu wa kipilipili watupu, tunatafuta kazi ya kubeba mabegi ya wageni na tunapimwa kwa kadi ya benki.

Turudi kwenye harusi, mtaani kwetu Mkomani, mjini Lamu. Kwetu bwana harusi hanyolewi kimyakimya kama mtu anayekwenda kazini. Kuna kiti, kuna kitambaa, kuna kinyozi, kuna mashangazi wanaopiga vigelegele na kutuza. Kinyozi wetu ni mzee wa mtaa wa pili, Langoni, aliyemnyoa hata babake bwana harusi. Asubuhi ile nilimwahi mlangoni, nikampigia shikamoo, nikamnong'oneza. Akamwita mpwa wangu kandoni: "Ndoo hapa, mwanangu." Akaishika ile taya kwa vidole viwili, akaigeuza penye mwanga wa dirisha, akanyamaza kitambo.

"Nani alokunyoa?"

"Mwenyewe, mzee."

"Ulipandisha?"

Kimya.

"Ndevu zina ndia zake, mwanangu. Wewe umezikimbiza upogo."

Kisha mzee akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikaa naye mbele ya watu, akalitikisa povu bakulini, akalipaka, akaufungua wembe ukametameta kila mtu akauona, vigelegele vikapanda, pesa zikaanza kuanguka kwenye kitambaa. Na makali ya wembe hayakuigusa shingo. Alipitisha mgongo wa wembe tu, upande usiokata, akafuta povu, na pale penye ndevu kweli akatumia mkasi mdogo aliouficha kiganjani. Mashangazi walitoka wakisifu alivyong'aa. Ilikuwa povu.

Huyo mzee hana video. Ana wembe mmoja kwenye mpini na kanuni anazotoa bila kuulizwa: nyoa baada ya kuoga na si kabla, teremsha, na kama unywele unakwenda kushoto nenda nao kushoto, usipite mahali pamoja zaidi ya mara mbili, usivute ngozi, usichokonoe kipele kwa kucha. Akishanyoa anakupaka shabu, lile jiwe la vinyozi. Nilimuuliza kama inaponya. "Inafunga damu," akasema. Mtu mkweli.

Na ukiwa umeshaharibikiwa, dawa ya kwanza haiuzwi dukani: acha kunyoa. Si siku mbili. Karibu mwezi mzima. Wiki ya kwanza vipele vinaweza kuonekana vimezidi, ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudia wembe. Vumilia. Unywele ukirefuka unajifyatua wenyewe kutoka ulikojichoma. Ukiuona umejikunja kama kitanzi juu ya ngozi, uinue kwa sindano safi, uuache hapo. Usiung'oe, maana ukiung'oa utaota upya ndani kwa ndani. Baada ya hapo tumia mashine ya umeme ya kinyozi, na umkataze kukandamiza. Acha milimita moja. Milimita moja tu! Hakuna anayeiona isipokuwa mtu mwenye kadi ya benki.

Najua mtakaloniandikia: fuga tu ndevu, ni sunna. Haya, nimefuga, na mashekhe wa baraza letu wananiangalia kwa furaha ambayo sikuifanyia kazi, kwa sababu mimi nilianza kwa ajili ya shingo. Hata hivyo niwakumbushe kwamba kwa masharubu na kwapa mpaka tuliowekewa wa kukaa bila kuzipunguza nywele ni siku arubaini. Dini imetupa arubaini, hoteli ikatupa moja.

Mengine nitayapita haraka, maana mchana unaisha. Spiriti juu ya ngozi iliyochubuka si usafi, ni adhabu. Kuupangusa wembe kwa hiyo spiriti haraka haraka kisha umnyoe mwingine si usafi pia: virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili siku saba, kwa hiyo nenda na wembe wako mfukoni, kinyozi akinuna muache anune. Ile poda ya kuondoa ndevu yenye harufu ya yai viza inafanya kazi, sikatai, lakini ukiisahau usoni ukaanza kuchati utajua kilichomtoa kanga manyoya.

Krimu za kung'arisha madoa, jamani. Vile vikopo visivyo na maandishi ya maana. Zebaki ilipaswa kutoweka kwenye vipodozi ifikapo 2020 chini ya mkataba wa Minamata, na bado ipo. Na ile mirija ya dawa ya hospitali ya kutuliza mwasho, ambayo watu wanajipaka kila usiku kama mafuta ya mgando, inaifanya ngozi kuwa nyembamba. Doa la kipele linafifia lenyewe ukiacha kutengeneza kipele kipya.

Jua: tuko digrii mbili kusini mwa ikweta, na nahodha asiyevaa kofia ya ukingo mpana ananiambia ngozi nyeusi haiungui. Inaungua, na madoa ya vipele yanazidi weusi yakipigwa na jua. Mafuta ya kukinga jua ni ghali, nakubali. Kofia si ghali.

Maji nayo. Nyumba nyingi za Lamu zinapata maji yenye chumvi kidogo, sabuni haitoi povu, mtu anakasirika ananyoa kavukavu. Weka ndoo ya maji ya mvua kwa ajili ya uso tu. Mke wangu ananicheka kwa hilo, na ndoo anaitumia yeye kuoshea nywele.

Juzi bwana harusi amenipigia simu akiwa Mokowe. Ni siku ya kumi na tisa bila wembe. Vipele vimekauka, isipokuwa viwili chini ya sikio. Tatizo, anasema kwa sauti ya chini, ni kwamba bibi harusi analalamika ndevu zinamchoma.

"Zimefika urefu gani?"

"Sijui, mjomba. Kama punje ya mchele."

Nikamwambia ampelekee salamu zangu, amwambie zimebaki siku kumi na moja.