Namba ya gari walikuwa nayo

Usiku mmoja wa Machi 2001, katika kaunti ya Coweta, jimbo la Georgia, kijana wa miaka 19 alinaswa akienda maili 73 kwa saa mahali panaporuhusu 55. Askari akawasha taa za buluu, kijana akakanyaga mafuta. Walifukuzana dakika sita, karibu maili 10, hadi askari mwingine alipomgonga kwa nyuma. Gari likaacha barabara na kubiringika. Kijana alipooza mikono na miguu.

Mwaka 2007 kesi aliyomfungulia askari aliyemgonga ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na majaji 8 kati ya 9 wakasema askari hana la kujibu. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, aliegemea video iliyopigwa kutoka magari ya polisi. Hoja yake si ya kupuuza: aliyeleta hatari ni aliyekimbia, na polisi wakilazimishwa kumwacha kila anayeendesha kichaa, basi kila mhalifu atajua dawa ni kuongeza mwendo. Tena askari akimwachia mtu leo, kesho mtu huyo akiua, atakayelaumiwa tunamjua.

Sawa. Ila kosa lenyewe lilikuwa nini? Mwendo kasi. Na namba ya gari walikuwa nayo tangu mwanzo. Hilo ndilo lililomkera Jaji John Paul Stevens, mzee wa miaka 87, aliyepinga peke yake. Aliitazama video ileile akaona madereva waliosogea pembeni kwa sababu ya ving'ora, na kijana aliyewasha indiketa kila alipotaka kupita gari. Akawachokoza wenzake kwamba wangekuwa wamejifunzia udereva kwenye barabara za njia mbili, wasingeshtuka kiasi kile. Aliyewahi kuovateki lori kati ya Chalinze na Segera anamwelewa.

Wasomi watatu baadaye waliwaonyesha video hiyo Wamarekani 1,350. Wengi waliona kama Scalia, lakini si wote, na waliotofautiana hawakuwa wendawazimu. Kama ni hivyo, kwa nini kesi isipelekwe kwa juri, yaani raia wa kawaida wanaopima ushahidi mahakamani? Mahakama mbili za chini zilikuwa zimeshasema ipelekwe.

Takwimu za serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba kati ya 1996 na 2015 ajali za kufukuzana na polisi ziliua wastani wa watu 355 kwa mwaka, yaani karibu mmoja kila siku. Tungedhani ni wakimbiaji, wameyataka wenyewe. Lakini gazeti la USA Today lilipochambua vifo vya tangu 1979, lilikuta zaidi ya 5,000 ni abiria na wapita njia. Abiria hana breki mguuni. Huko Sacramento mwaka 1990, mvulana wa miaka 16 alikuwa amepakizwa kwenye pikipiki iliyokimbia polisi. Sekunde 75 hivi baadaye pikipiki ikaanguka, gari la polisi likashindwa kusimama, likamuua. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu hiyohiyo ikasema familia haina dai la kikatiba, maana askari hakukusudia kumdhuru. Kwa sheria, basi, jambo kubwa ni nia ya askari, wala si kama mbio zenyewe zilikuwa na maana yoyote.

Nakiri upande wa pili una ushahidi wake. Polisi wa jiji la Milwaukee walibana sera ya kufukuzana mwaka 2010, halafu ikalegezwa 2017 kufuatia malalamiko kwamba madereva walikuwa wakiwakimbia askari kwa dharau. Na namba ya gari huweza kuwa ya wizi. Kwa muuaji mwenye bunduki, mimi mwenyewe ningesema afukuzwe. Lakini yule wa Coweta alizidisha maili 18 tu, na asubuhi yake wangeweza kwenda kumgongea mlango na karatasi ya faini mkononi.