Tairi la nyuma halichaguliwi kwa urembo

Nimechoka na wauza matairi. Pikipiki yangu ni Yamaha R6, nyuma inavaa 180/55 ZR17: upana milimita 180, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Kila duka naambiwa, "Kaka, chukua la 190, nene, linapendeza." Linapendeza kwa nani? Rimu yangu ina upana wa inchi 5.5. Ukilibana tairi pana humo, umbo lake linabadilika na pikipiki inakuwa nzito kulala, yaani kuinama upande, kwenye kona.

Juzi mmoja akanitolea la 180, linang'aa kabisa. Nikainama kusoma tarakimu nne za mwisho kwenye msitari wa DOT, ile alama ya kiwandani ubavuni mwa tairi: 2316. Limetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2016! Muuzaji ananiambia eti mpira hauharibiki kama haujatembea. Jamani, unakauka, unakuwa mgumu, mvua ikinyesha haushiki lami. Na bei ni ya tairi jipya!

Nikilala kwenye kona za mlima Kitonga, kule Iringa, nguvu yote ya injini inapita kwenye kipande cha mpira kama kiganja changu. Halafu nikiuliza tarehe naonekana msumbufu.