Mwezi wa Sifuri

Kamati yetu ya maandalizi ilikuwa na madevelopa watupu, kasoro mimi. Mimi nilipewa matangazo, kwa sababu kwenye kikao cha kwanza nilithubutu kuuliza, "Sasa watu watajuaje kuwa kuna kongamano?" Wakanitazama kimya, mwenyekiti akaandika jina langu. Kwenye kamati za kujitolea vyeo hugawiwa hivyo: ukiuliza, ni chako.

Kongamano lilikuwa la siku moja, la watengenezaji wa tovuti, Jumamosi tarehe 31 Agosti. Naomba uishike vizuri tarehe hiyo, maana wapo walioshindwa.

Nilidhani watu wanaotengeneza tovuti kwa riziki yao wangemaliza ya kongamano jioni moja. Kinyozi hajinyoi, hilo nalijua, lakini hawa walishindwa hata kukubaliana wembe. Kila mmoja na zana yake ya kutengenezea tovuti: huyu anataka React, yule Vue, wa tatu anasema wote wamepitwa na wakati, tutumie Svelte. Na tovuti yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja: tarehe, mahali, na kitufe cha kujisajili. Mwishowe kijana mmoja mpole, ambaye hakuwahi kuchangia chochote kikaoni, akaiandika usiku peke yake kwa JavaScript tupu, lugha ya programu inayoeleweka na vivinjari, bila zana yoyote ya ziada, na kuipandisha asubuhi. Ugomvi ukaisha, kwa kuwa wote walikasirika sawasawa.

Lazima niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Katikati kulikuwa na saa kubwa ya kuhesabu muda uliobaki: siku, saa, dakika, sekunde, namba zinajipindua kwa madoido. Chini yake tarehe, na chini ya tarehe kitufe cha kuingiza kongamano kwenye kalenda ya simu. Vyote vitatu vilitoka kwenye mstari mmoja wa msimbo. Fani yao ina kanuni kwamba jambo liandikwe mahali pamoja tu, na kila kinacholihitaji kichote hapo. Kanuni nzuri sana. Ukikosea, unakosea kila mahali kwa usawa.

Bango nalo likatoka. Msanifu aliweka nembo yetu katikati kabisa ya msimbo wa QR, nikamwambia haitasomeka. Akanieleza kwa upole kwamba QR ikitengenezwa kwa kiwango cha juu cha kujisahihisha, hata asilimia 30 hivi ikifunikwa bado inasomeka. Na kweli, ilisomwa na simu zenye kioo kilichopasuka, ilisomwa kwa pembeni, ilisomwa gizani. Nimetangaza mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuona bango linalowafikisha watu kwa ufanisi namna ile kwenye tarehe isiyo sahihi.

Wa kwanza kugundua alikuwa mshiriki aliyetuandikia barua pepe: "Samahani, bango linasema Jumamosi 31 Agosti. Tovuti inasema Jumanne tarehe 1 Oktoba. Nije lini?"

Nikafungua tovuti. Jumanne, tarehe 1 Oktoba. Kamati nzima ilikuwa imeitazama tovuti ile wiki kadhaa na hakuna aliyesoma tarehe. Sote tulikuwa tunatazama sekunde zinavyojipindua.

Nikampigia yule kijana.

"Ah," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. "Miezi."

"Miezi imefanya nini?"

"Dada, kwenye JavaScript siku za mwezi zinaanza na moja. Ila miezi inaanza na sifuri. Januari ni 0, Agosti ni 7, Desemba ni 11. Mimi niliandika 8."

"Kwa hiyo ikawa Septemba. Hii Oktoba imetoka wapi?"

"Niliandika tarehe 31 mwezi wa 8, yaani Septemba. Septemba haina 31. Basi ile siku iliyozidi ikasogezwa mbele, ikawa tarehe 1 Oktoba."

"Na haikupiga hata kelele?"

"Haipigi kelele, dada. Ina adabu."

Akanisimulia na historia, maana hawa ukiwauliza saa ngapi wanakueleza saa ilivyoundwa. Kwamba Brendan Eich aliandika toleo la kwanza la lugha ile pale Netscape, kampuni ya kivinjari, Mei 1995, kwa siku kumi. Kwamba aliambiwa ifanane na Java, lugha nyingine ya programu, basi mambo ya tarehe yakachukuliwa Java kama yalivyo, na huko miezi ilikuwa tayari inahesabiwa kuanzia sifuri. Java yenyewe mwaka 1997 ilianza kuwaambia watu waziache njia zile za zamani. JavaScript haiwezi, kwa kuwa ikibadilisha leo, kurasa zisizo na idadi zilizokwisha kuandikwa zitaharibika. Kwa hiyo Januari imebaki sifuri, na hakuna mwenye ubavu wa kuigusa.

"Sawa," nikasema. "Si ubadilishe tu hiyo nane iwe saba?"

Kimya kikapita kwenye simu kana kwamba nimetukana. Kikaitishwa kikao.

Sijawahi kuona watu wazima wakijadili tarakimu moja kwa uchungu vile. Mmoja alitaka tuingize Moment.js, msimbo wa tarehe ulioandikwa tayari na wengine, akajibiwa kwamba watunzi wake wenyewe tangu 2020 wanashauri miradi mipya itafute kitu kingine. Wa pili akaleta date-fns, wa aina hiyo hiyo. Wa tatu akasema tusubiri Temporal, mfumo mpya wa tarehe ambamo Januari hatimaye ni 1. Nikauliza utakuwa tayari lini. "Unajadiliwa," akasema, na uso wake ulionyesha kwamba haoni tatizo. Wa nne akapendekeza tuandike tarehe kwa mtindo wa ISO 8601: mwaka, mwezi, siku, kila mtu aelewe. Hapo nikaona mwanga. Lakini mwenyekiti akatikisa kichwa: ukiandika hivyo bila saa, JavaScript inaihesabu kwa saa za UTC, yaani saa rasmi ya kimataifa, na aliye magharibi ya Greenwich anaweza kuonyeshwa tarehe 30. Badala ya tarehe mbili tungekuwa na tatu.

Ndipo mweka hazina, asiyesema sana, akanyoosha mkono. "Kwani ukumbi uko wazi tarehe 1 Oktoba?"

Nilicheka peke yangu. Wenzangu walikuwa wanafikiri.

Wakati wakifikiri, yule kijana aliinama kwenye laptopu yake, akafuta 8, akaweka 7, akasema, "Imekwisha."

Haikwisha. Ili tovuti ifunguke haraka, alikuwa ameviambia vivinjari vya watu viihifadhi kwa sekunde 31536000, ambazo ni mwaka mmoja. Kivinjari kilichokwisha kupokea tarehe mbaya hakikuwa na sababu ya kurudi kwenye seva kuuliza. Wageni wapya wakaona Agosti. Waliofika mapema, wale wenye hamu, waliosoma bango siku ya kwanza, wakabaki na Oktoba. Kana kwamba hiyo haitoshi, alikuwa ameweka pia kijiprogramu kinachokaa ndani ya kivinjari ili tovuti ifanye kazi hata pasipo na mtandao. Ilifanya kazi hata pasipo na mtandao, na hata pale tulipotaka isifanye.

Ikabidi nitume barua pepe kwa wote waliojisajili. Nikaandika vizuri, kwa kichwa kisichotisha: "Tarehe haijabadilika." Mwanakamati mwingine akajitolea kuandika programu ya kumtaja kila mtu kwa jina lake. Wote wakapokea, "Mpendwa undefined, tunakukumbusha kuwa..." Undefined ndilo neno JavaScript huliweka pale inapokosa kitu ilichotafuta. Nusu wakadhani ni utapeli. Waliobaki wakajibu kwa uchangamfu, na kila jibu lilimalizika: "Wako, undefined." Kuna mmoja aliomba beji yake iandikwe hivyo. Tukamwandikia, kisha foleni nzima nyuma yake ikataka.

Basi, Jumamosi ile ukumbi ukajaa kuliko nilivyothubutu kuomba. Nikasimama mlangoni na orodha yangu, roho imetulia, hadi nilipogundua kwamba mzungumzaji mkuu hayupo. Mada yake ilikuwa "Tarehe na Saa Bila Kukosea". Nikampigia.

"Mwalimu, habari za asubuhi. Umefika wapi?"

"Nipo nyumbani. Namalizia slaidi za Oktoba."

"Mwalimu, kongamano ni leo."

"Haiwezekani. Ninalo kwenye kalenda, nilibonyeza kitufe kwenye tovuti yenu." Kisha akanyamaza. Kisha akauliza taratibu, kama daktari, "Mliandika nane?"

"Tuliandika nane."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alisema, "Hiyo ndiyo slaidi yangu ya tatu," akakubali kuzungumza kwa video akiwa nyumbani.

Mwenyekiti akapanda jukwaani kutupatia muda. Alikuwa amejiandaa kwa mambo makubwa. Akaanza na Mei 1994, kongamano la kwanza la kimataifa la wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, alikofanya kazi Tim Berners-Lee aliyeubuni wavuti wenyewe. Alichokuwa hakioni ni kwamba nyuma yake, kwenye skrini ya ukutani, fundi alikuwa amefungua tovuti yetu kama pambo. Kompyuta ya ukumbi ndiyo tuliyoijaribia tovuti siku ya kwanza kabisa. Ilikuwa na kumbukumbu nzuri. Saa ile kubwa ikasomeka mbele ya watu wote: zimebaki siku 31, saa 00, dakika 00, sekunde 00.

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti akadhani wamefurahia habari za CERN, akaongeza maelezo. Sauti ikatoka nyuma: "Na wao walifika mwezi mmoja kabla?"

Mzungumzaji mkuu akaonekana kwenye skrini, akasalimia, akaanza kueleza kwa nini Februari ni mwezi wa 1, na akagandia hapo, mdomo wazi. Ruta ya ukumbi ilikuwa na mtandao mmoja wenye anwani 254 za kugawia vifaa, na moja kati ya hizo ni ya ruta yenyewe. Huenda zingetosha kwa mkutano wa watu wa kawaida. Hawa kila mmoja alikuwa na laptopu na simu, wengine na saa ya mkononi iliyoomba anwani yake pia. Fundi akachukua maikrofoni akaomba kila mtu azime waifai kwenye simu. Kila mtu akageuka kumtazama jirani yake kwa lawama.

Kwa kuwa hakukuwa na cha kutazama isipokuwa mdomo wa mtaalamu uliosimama, washiriki wakafanya walilolizoea: wakafungua msimbo wa tovuti yetu, uliokuwa wazi kwa yeyote, wakaanza kuurekebisha. Kufika mapumziko ya mchana marekebisho yalikuwa yanamiminika. Mmoja alipanga upya nafasi. Wengine walitafsiri majina ya miezi. Kuna aliyeandika tovuti nzima upya kwa Svelte, na namjua ni nani, alikuwa kwenye kamati. Na mmoja, mtu mwema asiyetaka makuu, aliona kwamba Agosti imeandikwa 7, akasikitika, akaibadilisha kuwa 8, akaeleza: "Nimesahihisha mwezi."

Yule kijana wetu mpole alikuwa hajalala. Akasoma "nimesahihisha", akakubali.

Sikujua hayo mpaka msimamizi wa ukumbi aliponipigia asubuhi, Jumanne, tarehe 1 Oktoba. "Dada, kuna watu wako hapa, wanaomba nywila ya waifai." Siku hiyo ukumbi ulikuwa na semina ya wahasibu. Nikamwomba awaeleze kwa heshima kwamba kongamano lilikwisha, na wengi waliondoka wakicheka. Walikuwa madevelopa, walielewa papo hapo. Mwenyekiti alisema tuwarudishie viingilio, jambo ambalo mweka hazina alilipokea kwa kuuliza kama ukumbi uko wazi Novemba.

Jioni, kupitia fomu yetu ya tathmini, likaingia jibu la mshiriki mmoja ambaye inaonekana hakuambiwa, au aliambiwa akiwa ameshapata kiti. Alikaa siku nzima. Ameandika kwamba mpangilio ulikuwa mzuri, muda ulizingatiwa, na ile mada ya majedwali ilikwenda kwa kina kuliko alivyozoea kwenye makongamano ya aina hii, ingawa angependa mwakani kuwe na JavaScript kidogo. Ndiye pekee aliyetupa nyota tano.