Taa ya mgongoni, kutoka Tampere hadi Mombo

Novemba yangu ya kwanza huku Tampere, Finland, nilikuwa nimesimama kituoni nasubiri basi. Koti jeusi, suruali nyeusi, kofia nyeusi, na mwenye nguo mwenyewe mweusi vilevile. Akaja bibi mmoja wa Kifini, hakusalimia, akatoa mfukoni kidude cha plastiki chenye uzi na pini, akainama na kukifunga kwenye pindo la koti langu, karibu na goti. Kisha akarudi pale alipokuwa, mita mbili kutoka kwangu, kama vile hatujawahi kuonana. Kwetu, mtu usiyemjua akikufunga kitu kwenye nguo bila kusema neno, kesho yake uko kwa mganga.

Kidude kile wao hukiita heijastin; sisi tungesema riflekta. Hakina betri. Mwanga wa gari ukikipiga, kinaurudisha kwa dereva. Kinaning'inizwa chini kwa sababu taa za gari zikiwa zimeshushwa humulika miguu, si kifua, na uzi ule unakifanya kizungukezunguke na kumetameta. Sheria ya Finland inamtaka mtembea kwa miguu akivae gizani, lakini usipokivaa hakuna faini. Wanavaa hivyohivyo. Siku hizi wameongeza vitaa vya kubana kwenye begi au mkono wa koti, vyekundu kwa nyuma, vyeupe kwa mbele, vinavyowaka na kuzima. Watoto wa chekechea hutembezwa wakiwa na vizibao vya njano. Hata mbwa wana kola zinazowaka. Ukizingatia kuwa Desemba hapa jua linatoka saa nne kasoro asubuhi na saa tisa alasiri limeshazama, utaelewa kwa nini.

Aliyeanzisha riflekta hizi za kuning'iniza ni mkulima, Arvi Lehti wa Pertteli, ambaye pia alikuwa akitengeneza vitu vya plastiki. Alianza na riflekta za mikokoteni ya farasi, ndipo miaka ya 1960 zikahamia kwa waenda kwa miguu. Nasisitiza mikokoteni, maana kila nikisema jambo hili kuna Mtanzania mwenzangu huku atakayejibu, “Hao wana hela, bwana.” Hela gani? Kipande cha plastiki na uzi?

Sasa njoo nyumbani Mombo, Tanzania, barabara kuu ya Segera kwenda Moshi. Kwetu giza halina msimu. Mwaka mzima saa moja na nusu usiku huoni mkono wako. Na hapo ndipo barabara inapojaa: waliotoka sokoni, vijana na mikokoteni ya maji, baiskeli zisizo na taa. Marehemu baba alikuwa na baiskeli ya Phoenix yenye taa ya dainamo. Ukikanyaga inawaka, ukisimama kupisha lori inazimika, yaani inakuacha palepale unapoihitaji. Lori lenyewe likiharibika, utingo anakata matawi na kuyapanga barabarani. Kwa hiyo wazo la kumwonya dereva tunalo siku zote, ila majani hayang'ai.

Fanya hesabu. Gari la kilomita 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Kwa taa zilizoshushwa, mtu mwenye nguo nyeusi anaonekana akiwa mita kama 50 hivi. Sekunde moja ya kushtuka, halafu breki, na mita 50 zimekwisha gari likiwa bado linatembea. Riflekta inamfanya aonekane tangu mita 150 na zaidi. Na hapo sijamtaja dereva wa mbele anayekupiga full usoni.

Ndiyo maana miaka miwili iliyopita nilituma nyumbani vitaa kumi na viwili vya kubana. (Ukiniambia “vitaa” nacheka, maana kwa vijana wa nyumbani “kitaa” ni mtaani.) Nilijiona mfadhili kwelikweli. Vinne vilipambwa kwenye bodaboda ya binamu, kimoja kikafungwa banda la kuku, vingine sijui. Nilipomuuliza mjomba kwa nini havai chake, akanijibu, “Mwanangu, usiku mimi sitaki kuonekana.”

Jibu hilo lilinikaa. Huku Tampere anayekutisha usiku ni gari. Nyumbani kuna gari, halafu kuna vibaka. Mtu mwenye simu na hela za mauzo ya siku anatembea kimya, tochi imezimwa, anajificha ndani ya giza kama anavyojifunika shuka. Wewe unamwambia ajiwashe mgongoni! Wanaosema “watu wetu hawajali maisha yao” sidhani kama wamewahi kurudi kutoka gulioni saa tatu usiku.

Hapa ndipo ninapoona riflekta inashinda kitaa. Haiwaki mpaka gari lije. Kwenye uchochoro, mwizi haimwambii kitu, labda naye awe na tochi. Haina ile betri ya sarafu ambayo mtoto anaweza kuimeza, na ambayo huku kwenyewe baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri huifanya ififie. Ningekuwa na kauli, kila begi la shule linaloshonwa Tanzania lingekuwa na utepe wake nyuma, kama vizibao vya bodaboda. Na njia ya miguu je? Hiyo naidai palepale. Huku mjini hawakunifunga riflekta kisha wakaniacha nitembee juu ya lami na malori. Hapa ninapoishi njia yangu imetengwa na ya magari. Atakayeniambia mwanafunzi aliyegongwa alikosea kwa kukosa utepe, hatutaelewana.

Mama ndiye pekee aliyekitunza kitaa chake. Mwezi uliopita kanipigia kuomba betri. Nikamuuliza, kumbe huwa unakivaa? Akasema hukibana kwenye mtandio akienda swala ya Isha, kwa kuwa msikiti uko ng'ambo ya barabara kuu. Akirudi, akishavuka lami na kufika kwenye mwembe pale njia inapoingia vichakani, hukizima, hukitia kwenye pochi, akamalizia gizani.